Mutu Aliyepanda Motokari na Hakurudi

Jioni moja kiisha kikundi cha wamama kufunga maombi, mama mumoja alibaki nyuma, akakaa ku benchi ya mwisho. Nilijua habari yake. Bwana yake alipotea 1993, wakati watu wa Kasai walikuwa wanafukuzwa Katanga na jamaa nyingi zililala miezi ku gare ya Likasi na ya Kolwezi, inje, wakingojea treni. Siku treni ilipokuja, watu walisukumana. Mama na watoto wakaingia wago moja, baba akabaki na mizigo aingie ingine. Treni ilifika, watu wakashuka, yeye hakushuka. Tangu siku ile hakuna barua, hakuna mutu mwenye kusema "nilimuona", hakuna kaburi.

Mama yule aliniuliza neno moja tu: "Pasta, mi niko mujane ao niko bibi ya mutu?"

Sikukuwa na jibu. Wazee wa kanisa nao waligawanyika. Wamoja walisema tumufanyie matanga, iishe. Wengine wakasema hauwezi kulia mutu ambaye hukuona maiti yake, ni kama kumuua weye mwenyewe. Basi, kwa kukosa jibu, nilimuelezea habari moja niliyoisikia kwanza ku Shule ya Biblia, kwa mwalimu wetu mumoja Muswidi. Sijui kama nilifanya vizuri. Lakini tangu siku ile nimetafuta habari hiyo zaidi, na leo ninawapatia ninyi vilevile.

Watu wa Katanga tunajua Muswidi mumoja: Dag Hammarskjöld, mukubwa wa Umoja wa Mataifa, ambaye ndege yake ilianguka karibu na Ndola usiku wa tarehe 17 kuamkia 18 mwezi wa 9, 1961, akienda kuonana na Tshombe. Kifo kile nacho kina maulizo mengi mpaka leo. Lakini yeye maiti yake ilionekana, ikarudishwa kwao, ikazikwa Uppsala. Muswidi wa habari yetu hakupata hata hiyo.

MUTOTO WA JAMAA YA BANKI

Raoul Wallenberg alizaliwa tarehe 4 mwezi wa 8, 1912. Baba yake, ofisa wa jeshi la maji, alikufa kwa kansere miezi mitatu mbele ya mutoto kuzaliwa. Mama yake, Maj, aliolewa tena kisha miaka na Fredrik von Dardel, wakazaa Guy na Nina. Mushike majina haya, maana hawa ndio waliobeba muzigo.

Jamaa ya Wallenberg kule Uswidi ni wenye banki na viwanda, jina kubwa sana. Lakini Raoul hakuingia ku kiti cha banki kama vile watu walivyongojea. Alikwenda Marekani kusomea kazi ya kuchora na kujenga nyumba, chuo kikuu cha Michigan, akamaliza 1935. Babu yake akamutuma ajifunze biashara: kwanza Cape Town, Afrika ya Kusini, kuuza vifaa vya ujenzi, kisha, 1936, ku banki moja ya Haifa. Kule Haifa alikutana na Wayahudi waliomukimbia Hitler, akasikia kwa midomo yao wenyewe. Aliporudi kwao alishirikiana na Muyahudi mumoja wa Hungaria katika kompani ya kuuza chakula. Mwenzake hakuweza tena kusafiri Hungaria bila hatari, basi Raoul ndiye alikuwa anakwenda. Ni hivi alivyojua njia za Budapest.

Tarehe 19 mwezi wa 3, 1944, majeshi ya Ujerumani yaliingia Hungaria. Kati ya katikati ya mwezi wa 5 na mwanzo wa mwezi wa 7, Wayahudi zaidi ya 430.000 walipakiwa mu treni, wengi wao kupelekwa Auschwitz. Hesabu ile, ndugu musomaji, ni ya majuma nane tu. Waliobaki wengi walikuwa mu muji wa Budapest. Marekani iliunda ofisi ya kusaidia wakimbizi wa vita, ikatafuta mutu wa inchi isiyopigana, mwenye kuweza kuingia kule. Uswidi haikuwa mu vita. Wakamuchagua Raoul, wakamupa kazi ya sekretere wa ambasade. Alifika Budapest tarehe 9 mwezi wa 7, 1944. Alikuwa na miaka 31.

KARATASI YA RANGI MBILI

Kazi aliyoifanya ilikuwa kazi ya karatasi. Alichora pasi moja ya rangi ya bluu na manjano, rangi za bendera ya Uswidi, yenye mataji matatu, timbre na sinyatire. Iliandikwa kwamba mwenye kuibeba yuko chini ya ulinzi wa Uswidi. Kwa sheria za mataifa karatasi ile haikuwa na nguvu nyingi. Lakini sisi wa inchi hii tunajua vizuri namna askari anavyotazama karatasi yenye timbre kubwa! Raoul naye alijua. Wakubwa wa Hungaria walimuruhusu kutoa 4.500, yeye alitoa kupita ile hesabu.

Kisha alikodi ao kununua nyumba karibu 30, akatundika bendera ya Uswidi, akasema hizi ni nyumba za ambasade. Ndani alijaza watu. Aliandika kazi Wayahudi mamia, kusudi wavue ile nyota ya manjano waliyolazimishwa kushona ku nguo.

Tarehe 15 mwezi wa 10 chama cha Mishale-Musalaba, watu wa Hungaria wenye kumufuata Hitler, walichukua utawala. Mambo yakaharibika kabisa. Vijana wenye bunduki walikamata watu ku barabara, wakawapeleka ku muto Danube usiku, wakawapiga risasi na kuwaacha waanguke mu maji. Mwezi wa 11 maelfu walitembezwa kwa miguu kufika mupaka wa Austria, mu baridi, wanawake na wazee. Raoul alifuata musafara ule na motokari, akigawa chakula na dawa, na kuita wale wenye pasi, ao wenye angeweza kusema kwamba wana pasi, akawarudisha.

Hakufanya peke yake. Wako Waswidi wenzake wa ambasade, wako Waswisi, ambasade ya Papa, na zaidi ya wote Wayahudi wenyewe waliofanya kazi mu biro yake usiku na muchana. Magazeti mengine yanaandika kama vile mutu mumoja aliokoa Budapest nzima. Hapana. Lakini maelfu walibaki wazima kwa njia ya kazi ile, na hakuna anayeikataa.

TAREHE 17

Mwezi wa kwanza 1945 Warusi waliingia Budapest. Kwa watu wa zile nyumba ilikuwa wokovu. Raoul alitaka kwenda Debrecen, kilomita zaidi ya 200, kuonana na wakubwa wa jeshi la Urusi na wa serikali mupya ya Hungaria. Alikuwa na mipango ya kuwasaidia Wayahudi kisha vita: chakula, nyumba, kutafuta watoto waliopotea. Munaona? Yeye mwenyewe alikuwa anataka kufungua biro ya kutafuta waliopotea.

Tarehe 17 mwezi wa kwanza aliondoka na shofere wake, Vilmos Langfelder. Waaskari wa Urusi walikuwa pamoja nao. Aliwaambia marafiki wake kwamba hajui kama anakwenda kama mugeni ao kama mufungwa. Alisema kwa kucheka, wanavyoshuhudia. Siku ileile kule Moscow makamu wa waziri wa ulinzi, Bulganin, alitia mukono amri ya kumukamata. Tarehe 6 mwezi wa 2 aliingizwa gereza la Lubyanka.

Kwa nini walimukamata? Hapa watu wanabishana mpaka leo. Warusi waliona feza ya Marekani mu kazi yake, wakawaza ni mupelelezi. Alikuwa pia amezoea kusema na Wajerumani, kwa sababu bila kusema na Wajerumani hungeweza kuokoa mutu. Na jina lake ni la jamaa kubwa ya feza. Wengine wanasema walimuweka tu kama mali ya kubadilishana. Mimi ninaona neno hili la mwisho lina uzito, na nitaeleza sababu.

STALIN ALIANDIKA JINA

Mwanzo Warusi hawakuficha. Tarehe 16 mwezi wa kwanza walijulisha Uswidi kwa maandiko kwamba Wallenberg yuko chini ya ulinzi wao. Mwezi wa 2 balozi wa Urusi kule Stockholm, Mama Alexandra Kollontai, alimuambia mama Maj kwamba mutoto wake yuko salama Urusi. Wazia mama ule usiku alivyolala vizuri! Lakini mwezi wa 3 radio ya Hungaria, iliyokuwa mu mikono ya Warusi, ikatangaza kwamba aliuawa njiani na watu wa Gestapo. Kisha kimya.

Sasa musikie habari inayoniumiza kupita zingine zote. Tarehe 15 mwezi wa 6, 1946, balozi wa Uswidi kule Moscow, Söderblom, alipokelewa na Stalin mwenyewe. Ni mara gani mutu anapata nafasi ya namna ile? Alitaja jina la Wallenberg. Stalin akaliandika ku karatasi. Na balozi, pahali pa kushikilia, akaongeza kwamba yeye binafsi anafikiri Wallenberg alikufa mu aksida ao aliuawa na wezi. Ndiyo kusema alimufungulia Stalin mulango wa kutokea! Raoul wakati ule alikuwa muzima, mu gereza la Lefortovo mu muji uleule. Wafungwa Wajerumani na Waitalia waliorudi kwao mu miaka ya 1950 walishuhudia kwamba walikaa naye, ao walizungumuza naye kwa kugonga ukuta, kugonga mara nyingi ao kidogo kulingana na herufi.

Waswisi walifanya ingine namna. Wao pia walikuwa na wajumbe wawili waliokamatwa na Warusi Budapest. Waliketi, wakapatana, wakatoa raia Warusi waliokuwa mikononi mwao, na mwanzo wa 1946 watu wao wakarudi nyumbani. Ndiyo sababu nilisema neno la kubadilishana lina uzito. Uswidi iliogopa kumukasirisha jirani mukubwa, ikangojea. Mwaka 2001 waziri mukuu wa Uswidi, Göran Persson, aliomba jamaa musamaha, na 2003 komisio moja ya Uswidi ikachapisha namna serikali ilivyoshindwa kazi yake. Maneno ya kweli, lakini mama alikuwa amekufa zamani.

Tarehe 18 mwezi wa 8, 1947, makamu wa waziri Vyshinsky alijibu Uswidi kwa barua: Wallenberg hayuko Urusi, na hatumujui.

KARATASI YA MUGANGA

Miaka kumi ilipita hivi. Wale wafungwa walipoanza kurudi na kushuhudia, Warusi hawakuweza tena kusema hawamujui. Tarehe 6 mwezi wa 2, 1957, miaka 12 kamili tangu aingie Lubyanka, makamu wa waziri Gromyko alitoa maandiko mapya. Sasa walisema wameona karatasi moja iliyoandikwa kwa mukono na muganga mukubwa wa gereza, Smoltsov: mufungwa Wallenberg alikufa gafula mu chumba chake usiku wa tarehe 17 mwezi wa 7, 1947, yamukini kwa ugonjwa wa moyo. Na chini yake neno lingine: maiti ichomwe bila kupasuliwa na kuangaliwa.

Kijana asiyetimiza miaka 35, ugonjwa wa moyo. Muganga aliyeandika alikuwa amekufa tayari. Minisitiri wa usalama aliyeandikiwa, Abakumov, alikuwa amepigwa risasi na wenzake 1954. Mashahidi wote wawili mu kaburi. Mutu wa kuulizwa hayuko.

Tangu pale watu wengi walisema wamemuona mu kambi za wafungwa, mu hospitali, Siberia. Muzee mwenye nywele nyeupe mwenye kusema Kiswidi. Hata moja haikuhakikishwa. Mwezi wa 10, 1989, wakati Urusi ilianza kufungua madirisha, Guy na Nina waliitwa Moscow. Wakapewa pasiporo ya Raoul, feza zake, buku lake ndogo la kuandika siku na kazi, na kikasha cha sigareti. Vitu vya mutu vilitoka, mutu hapana.

Komisio ya Waswidi na Warusi ilifanya kazi miaka karibu kumi, ikamaliza mwanzo wa 2001 na raporo mbili mbalimbali. Warusi walisema alikufa 1947. Waswidi wakasema bado hatujaona uhakikisho. Mwisho wa 2000 serikali ya sheria ya Urusi ilikuwa imekubali kwamba Wallenberg na Langfelder walifungwa bila kosa. Kisha, 2009, archive ya usalama ya Urusi iliwajibu wachunguzi wawili: iko maandiko ya "mufungwa namba 7" aliyehojiwa saa zaidi ya 16 tarehe 23 mwezi wa 7, 1947, na inaonekana sana kwamba ni Wallenberg. Muhesabu ninyi wenyewe: ni siku sita nyuma ya kile kifo cha karatasi ya muganga.

Na 2016 ilichapishwa daftari ya Serov, mukubwa wa KGB wa miaka ya 1950, iliyokuwa imefichwa mu ukuta wa nyumba yake ya shamba. Aliandika kwamba hana mashaka, Wallenberg aliondolewa 1947. Huenda ndiyo kweli. Lakini kubali kweli ya mutu aliyekuwa akiongoza nyumba ileile ya uongo, bila karatasi ya pili, si rahisi.

WALE WALIOBAKI KU MULANGO

Fredrik, yule baba aliyemulea, aliandika daftari tangu 1952, barua gani imetumwa, nani amejibu, nani hakujibu. Yeye na Maj walikufa mwezi wa 2, 1979, siku mbili tu kati yao. Waliwaachia watoto agizo: wamuhesabu Raoul kuwa yuko muzima mpaka mwaka 2000. Guy alikuwa mwalimu wa fizika, akatumia miaka yake mingi ku archive za Urusi; alikufa 2009. Nina alikufa 2019. Mataifa yalimupa Raoul heshima: Marekani ilimufanya raia wake 1981, Kanada 1985. Njia na mashule mengi yana jina lake. Lakini jiwe la kaburi hakuna.

Mwezi wa 10, 2016, ofisi ya Uswidi yenye kuandika raia, ileile ya kodi, ilitangaza kwamba Raoul Wallenberg amekufa. Jamaa yenyewe iliomba. Sheria inataka tarehe, basi wakaandika tarehe 31 mwezi wa 7, 1952. Wanajua wote kwamba si tarehe ya kweli. Walihesabu tu miaka mitano tangu mwisho wa mwezi wenye Warusi wanasema alikufa, maana sheria yao inasema hivi.

Nilipofika hapa, yule mama aliniambia: "Kumbe hata bazungu banaandikaka tarehe ya bongo?" Nikamuambia, ni tarehe ya sheria, mama. Akanyamaza kidogo. Nilifikiri ataniuliza sasa juu ya matanga. Juma lililofuata tuliketi na wazee na wakubwa wa jamaa ya bwana yake, na ile habari ni yao, siwezi kuiandika hapa.

Lakini siku ile, alipokuwa amesimama kwenda, ku mulango aligeuka. "Na shofere?" akauliza. "Ule shofere, ye bana bake balimutafuta?"

Nilikuwa sijawaza neno lile hata kidogo. Nilikwenda kutafuta. Vilmos Langfelder alikuwa Muyahudi wa Hungaria, enjenieri wa kusoma. Kazi ya kuendesha motokari aliipata mu vita, wakati watu wake walikuwa wanawindwa. Alikamatwa siku ileile na mukubwa wake, akapelekwa Lubyanka ileile, wakatenganishwa. Katika ile siku ya mufungwa namba 7 yeye naye alihojiwa. Warusi walisema kisha kwamba alikufa mwezi wa 3, 1948. Mataifa makubwa hayakumufanya raia wa heshima, na Stalin hakuambiwa jina lake aliandike. Maiti yake nayo haijaonekana.

Nilimupelekea mama majibu haya. Aliniomba nimuandikie jina lile ku karatasi, kwa herufi kubwa, akaikunja na kuitia mu Biblia yake.